Vipande Viwili vya Chuma

Katika kabati la stoo yangu, nyuma ya makopo ya rangi, nimehifadhi vipande viwili vya chuma. Kimo cha kila kimoja ni sentimita 5. Kimetobolewa tundu la kupitisha bolti, na pembeni bado kina alama za tupa ya fundi. Wajukuu wangu wameniuliza mara nyingi ni vya nini, nami huwajibu kuwa ni vya pikipiki, wakaridhika. Jibu hilo ni la kweli lakini ni fupi mno. Vipande hivyo vilikaa chini ya usukani wa pikipiki ya chuo cha ualimu nilichokuwa nakiongoza, kwa muda wa wiki 6 tu, mwaka 1994. Nitaeleza vilifikaje hapo na kwa nini viliondolewa. Lakini namwomba msomaji anivumilie nianzie mbali kidogo, maana jambo hili la kuuweka usukani mahali panapomfaa mtu lina historia ndefu kuliko nilivyodhani siku nilipotoa amri ile.

Usukani wa chombo cha magurudumu mawili ulianza kama mti wa kugeuzia. Mwaka 1817 Karl von Drais, ofisa wa misitu wa Baden huko Ujerumani, alikipanda chombo chake cha mbao mjini Mannheim na kukiendesha kwa kusukuma ardhi kwa miguu, kwani hakikuwa na pedali. Mbele ya kifua aliweka ubao wenye mto wa kuegemeza mikono, na mbele ya ubao huo mti wa kugeuzia gurudumu. Basi tangu siku ya kwanza palikuwa na kazi mbili, ya kugeuza na ya kuegemea, na Drais alikuwa na busara ya kuzipa vifaa viwili. Waliomfuata waliziunganisha kazi hizo katika bomba moja, na ugomvi wote juu ya usukani umetokana na muungano huo. Anayegeuza anataka bomba pana, lililo karibu na mwili. Anayeegemea analitaka mahali ambapo uzito wa kifua utatua bila kuviumiza viwiko. Mahali panapotimiza yote mawili ni padogo sana, tena hapalingani baina ya mtu na mtu.

Pikipiki yenyewe ilikuja baadaye. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliitengeneza ya kwao ya mbao, yenye injini ya petroli, mwaka 1885, na mwezi wa Novemba mwaka huo Paul, mtoto wa Daimler, akaiendesha kutoka Cannstatt hadi Untertürkheim. Pikipiki nyingi zilizofuata, mwanzoni mwa karne ya 20, zilikuwa baiskeli zilizopachikwa injini, na usukani wao ulirudi nyuma kwa mapana kama mikono ya mkokoteni. Haikuwa ajabu. Mpandaji alikaa wima juu ya kiti kama mtu aliyekaa barazani, na bomba likamfuata mahali alipokaa.

Mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii hakuwa mpanda pikipiki. Alikuwa mpanda baiskeli, Marshall Taylor, aliyejulikana zaidi kwa jina la Major Taylor. Alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1878, katika familia ya watu weusi. Mwaka 1894 chama kikubwa cha waendesha baiskeli cha nchi hiyo kilipitisha kanuni ya kutopokea wanachama weusi. Kanuni hiyo ilikuja kufutwa rasmi mwaka 1999, baada ya miaka 105. Hata hivyo mwaka 1899, huko Montreal, Kanada, Taylor alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za maili 1. Nilipotazama picha zake kwa mara ya kwanza, macho yangu yalikwenda kwenye shingo ya baiskeli. Kuna mkono mfupi wa chuma unaotoka mbele na kuubeba usukani mbali zaidi na kiti, ili mgongo wa mpandaji unyooke na mapafu yapate nafasi. Kifaa cha namna hiyo bado kinaitwa kwa jina lake. Unalegeza kibano, unausogeza usukani mbele au nyuma kwa kadiri ya kiwiliwili chako, kisha unakaza. Alikufa maskini mjini Chicago mwaka 1932. Najua waandishi wengi humkumbuka kwa kasi yake na kwa dhuluma alizotendewa, nao wana haki. Mimi namkumbuka pia kwa kutokubali kwamba baiskeli ikishatoka dukani mtu hana budi kujikunja aifuate.

Mabadiliko makubwa upande wa pikipiki yaliletwa na watu waliotoka barabarani. Tarehe 29 Machi 1924, huko Camberley, kusini mwa Uingereza, vijana walishindana kupita vilima na matope, na aliyetangulia kumaliza ndiye aliyeshinda, bila alama za ustadi kama ilivyokuwa desturi ya mashindano ya wakati ule. Kutoka huko ukakua mchezo ambao Wafaransa na Wabelgiji waliupa jina la motokrosi. Mwaka 1947 nchi zilianza kushindana kwa timu, na mwaka 1957 ukaanza ubingwa wa dunia, wa kwanza akiupata Bill Nilsson wa Sweden.

Katika mchezo huo mpandaji hakai, bali anasimama juu ya vikanyagio, magoti yamepinda kidogo, na pikipiki inaruka chini yake kama punda mkaidi. Hapo usukani wa barabarani haufai tena. Mtu aliyekaa, mikono yake inaukuta usukani mbele ya tumbo. Akisimama, mabega yake yanapanda na kwenda mbele, lakini usukani umebaki palepale, karibu na magoti. Ndipo anapoinama kama mtu anayepalilia kwa jembe la mpini mfupi, na baada ya saa moja kiuno kinadai haki yake. Kwa hiyo usukani wa pikipiki za porini ulipandishwa, ukapanuliwa ili mtu apate nguvu ya kugeuza gurudumu lililozama kwenye mchanga, na katikati ukawekewa bomba dogo lililokingama ili mapembe yake yasipinde pikipiki inapoanguka. Mwaka 1962 Dave Ekins na Bill Robertson waliendesha Honda za namna hiyo, zenye usukani mpana wenye bomba la kukingama, kutoka Tijuana hadi La Paz, nchini Meksiko, kupitia jangwa la Baja. Ekins alifika kwa muda usiotimia saa 40. Mwaka 1968 Yamaha ikaleta Marekani DT-1, pikipiki ya cc 250 iliyofaa barabarani na porini. Wale ndugu zake wadogo wenye jina la DT tuliwafahamu vizuri huku kwetu, kwani mabwana shamba na watu wa miradi walitufikia vijijini juu yao.

Mwaka 1969 Waingereza wawili, Andrew Renshaw na Henry Rosenthal, walianza kutengeneza usukani wa alumini na kuunganisha majina yao kuwa Renthal. Huo ni mwaka wa kukumbukwa katika habari hii, kwa sababu usukani ukawa bidhaa inayosimama peke yake. Mtu aliweza kununua pikipiki ya kampuni moja na usukani wa kampuni nyingine, akichagua kimo, upana na mkunjo. Katika miaka ya 1990 zikaenea bomba nene katikati, milimita 28.6, zinazopungua hadi milimita 22.2 mahali pa kushikia. Unene huo uliziwezesha kuacha lile bomba la kukingama, lakini haukuingia katika vibano vya zamani. Basi vibano navyo vikawa bidhaa, vya kupandisha, vya kusogeza mbele, vyenye mpira ndani wa kupunguza mtetemo.

Hapa naomba nifanye kazi yangu ya zamani, nieleze jambo ubaoni. Shokapu mbili za mbele za pikipiki hushikwa juu na bamba la chuma au alumini. Juu ya bamba hilo husimama vishikizi viwili, na juu ya vishikizi hulala bomba la usukani, likibanwa na vifuniko vyenye bolti nne. Kuna namna tatu za kubadili mahali pa mikono. Ya kwanza ni kulegeza bolti na kulizungusha bomba mahali pake. Wengi huanza na kuishia hapo. Bomba likizungushwa nyuma mno, mikono hurudi mapajani na viwiko hudondoka. Likizungushwa mbele mno, mapembe yake hupanda juu na vifundo vya mikono huvunjika. Kwa kawaida linakaa vizuri likiwa limefuata mwinamo wa shokapu, au karibu na hapo.

Ya pili ni kukigeuza kishikizi chenyewe, au kukihamisha. Vitabu vya maelekezo vya KTM, kampuni ya Austria, vinaeleza jambo hili kwa namna iliyonifurahisha mimi niliyefundisha Hisabati. Bamba lina matundu mawili yaliyoachana milimita 15, na tundu la kishikizi limesogezwa milimita 3.5 kutoka katikati. Kishikizi kikigeuzwa nyuma mbele, bomba linahama milimita 7. Kwa hiyo mtu ana nafasi nne, na tofauti kati ya ile ya nyuma kabisa na ile ya mbele kabisa ni milimita 22. Nilipimisha kidole gumba changu, nikaona ni upana wake tu. Wahandisi wa kampuni nzima waliona kwamba upana wa kidole gumba unatosha kutofautisha mrefu na mfupi.

Namna ya tatu ni kuongeza kitu chini ya vishikizi ili vipande. Hii ndiyo yenye gharama iliyofichika. Usukani hauko peke yake; umefungwa kwa waya wa klachi, waya wa eksileta, mpira wa breki na nyaya za umeme, na kila kimoja kimekatwa kwa urefu uliopimwa kiwandani. Ukiupandisha usukani, vyote vinavutika. Pikipiki ikiwa imenyooka huwezi kuona kasoro. Ndiyo maana fundi makini akimaliza kukaza huwasha injini, akaiacha ingurume taratibu, kisha akageuza usukani hadi mwisho wa kulia na hadi mwisho wa kushoto, akisikiliza. Mlio ukipanda, waya wa eksileta umevutwa na usukani badala ya kuvutwa na mkono. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Sisi hatukuifanya mwaka 1994.

Chuo kilikuwa na pikipiki moja. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, wanachuo walipotawanywa katika shule za vijijini, wakufunzi waliipokezana kwenda kuwakagua, na mimi nikiwa mkuu wa chuo nilikwenda pia, kwani niliamini kwamba mkuu anayekaa ofisini hajui chuo chake. Mimi ni mtu mrefu, futi 6 na inchi 2. Njia zilikuwa za makorongo na mawe, na sehemu kubwa ilinibidi nisimame juu ya vikanyagio. Nilirudi jioni nikitembea kama mzee wa miaka 80, nami nilikuwa sijatimiza 45. Zahanati ilinipa vidonge. Mwishowe nikaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea mjini, mtu mwenye mkono mzuri, nikamweleza. Akanisimamisha juu ya pikipiki, akapima kwa kamba kutoka begani hadi kwenye bomba, akasema, "Mkuu, hapa panataka sentimita 5." Kesho yake kazi ilikuwa tayari. Niliendesha kilomita 40 nikiwa nimenyooka, na usiku nikalala bila kidonge. Kusema kweli nilijiona mwerevu sana.

Haikunijia hata kidogo kwamba pikipiki ile haikuwa yangu. Wakufunzi walioipanda walikuwa watano. Mmoja wao, mwalimu wa Sayansi Kimu, kimo chake kilikuwa futi 5 kamili. Kabla ya hapo alikuwa akiiendesha vizuri kuliko sisi wanaume wote. Kisha usukani ukapanda, mikono yake ikawa imenyooka kama ya mtu anayesukuma mlango, na mkono ulionyooka hauna akiba ya kugeuzia. Aliniambia mara moja, kwa adabu, "Mkuu, siku hizi pikipiki imekuwa nzito." Nikamjibu kwamba atazoea. Jibu hilo walimu tumelitumia mno. Ndilo tulilowapa watoto wa darasa la kwanza waliokaa kwenye madawati ya darasa la saba, miguu ikining'inia.

Wiki ya 6 alikuwa anarudi kutoka shule moja ya ng'ambo ya mto. Penye daraja la magogo njia inapinda ghafla. Aligeuza usukani hadi mwisho wa kushoto, akiwa katika mwendo wa mtu anayetembea, na pikipiki ikanguruma yenyewe na kuruka mbele. Ilimtupa mtaroni. Kiwiko chake cha kulia kilivunjika.

Sasa nafikia jambo ambalo limenifanya niandike kurasa hizi. Nilimtembelea hospitalini siku ile ile, naye akanieleza kwa sauti ndogo, "Mkuu, sikuvuta mafuta. Ilivuta yenyewe." Nilimpa pole. Nikarudi ofisini, na kwa kuwa taratibu zilitaka taarifa ya ajali ya mali ya serikali iandikwe ndani ya siku chache, nikaiandika. Sababu ya ajali niliyoitaja ni uzembe wa mwendeshaji. Nakala moja niliituma kwa wakubwa na nyingine nikaiweka katika jalada lake. Sikuwa na chuki naye. Nilikuwa nimeendesha pikipiki hiyo hiyo wiki nzima bila tatizo, nami nikaona ushahidi wangu unatosha. Mtu mrefu, tena mwenye mikono mirefu, hakuhitaji kuufikisha usukani mwisho ili apinde. Alilaza pikipiki kidogo, ikapinda.

Pikipiki ilipelekwa kwa fundi yule yule kunyooshwa. Siku ya tatu akanituma mtoto niende karakana. Nilipofika hakusema kitu. Aliwasha injini, akaigeuza usukani kulia, mlio haukubadilika. Akaugeuza kushoto polepole, na ulipokaribia mwisho injini ikapiga kelele mpaka kuku waliokuwa uani wakatawanyika. Aliizima.

Nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakuliona hilo tangu mwanzo. Akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Kosa ni langu, Mkuu, sikugeuza mpaka mwisho. Lakini nilikupima wewe. Hukuniambia kuna wengine."

Tulivitoa vipande vile palepale. Aliviweka mkononi mwangu, vya moto bado kwa jua.

Usiku ule niliandika taarifa ya pili. Ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwani ilinibidi nitaje kwamba mali ya serikali ilibadilishwa kwa amri yangu bila idhini ya mtu yeyote. Nilipata barua ya onyo, na nilistahili. Nilikwenda hospitalini na nakala mkononi, nikamwomba radhi mbele ya mumewe. Aliisoma yote, akaikunja, akasema, "Ahsante, Mkuu. Ile ya kwanza iko katika jalada langu. Naomba na hii iwekwe juu yake." Nikaiweka mwenyewe, kwa mkono wangu. Alirudi kazini baada ya likizo, ila mkono wake wa kulia haukunyooka tena kikamilifu, na alipoandika ubaoni juu alilazimika kutumia kigoda. Pikipiki aliipanda tena muhula uliofuata. Mimi nisingethubutu.

Kuhusu kiuno changu, fundi alipata dawa bila chuma. Alilegeza zile bolti nne na kulizungusha bomba mbele kidogo, akaviinamisha vishikio vya klachi na breki ili mkono wa mtu aliyesimama ubaki umenyooka na vidole. Haikuwa raha ya sentimita 5, lakini iliondoa nusu ya maumivu, na mwalimu wa Sayansi Kimu alipojaribu alisema haimsumbui. Tukapaka mstari wa rangi nyekundu kwenye bomba na kwenye kibano ili kila mtu aone kama umehama.

Miaka mitano baadaye pikipiki ile iliuzwa kwa mnada pamoja na vitanda vibovu na mashine mbili za kupigia chapa. Aliyeinunua alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, mrefu kunishinda. Aliizunguka, akasimama juu ya vikanyagio huku watu wakiishika, akaniita pembeni na kuniuliza kama kuna fundi mjini anayeweza kuupandisha usukani. Nikamwonyesha karakana ilipo, nikamwambia atangulie dukani kununua waya wa eksileta mrefu zaidi, na kwamba akifika kwa fundi amtajie wote watakaoipanda. Akanijibu kwamba ataipanda yeye na mdogo wake. Nikamuuliza mdogo wake ana kimo gani.